Hodi ya Bwana Mbu

Mtaani kwetu kila mtu alikuwa na jina lake la pili, nami nilikuwa na langu: Bwana Mbu. Hawakunipa kwa ubaya. Nilikuwa mtumishi wa manispaa, idara ya afya, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka Mji wa Kale wa Mombasa nyumba kwa nyumba, nikichungulia mitungi, mapipa, visima na kila chombo kinachoweza kukaa maji, nione kama mbu wametaga. Mwengine angeona haya kuitwa hivyo. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimekwisha kufukuzwa kazi mbili, na jina lolote lililokuja pamoja na sare ya kaki nililipokea kwa mikono miwili.

Kazi zile mbili nisizitaje sana. Ya kwanza ilikuwa ghala moja Shimanzi, ambako mwenye ghala alinikuta nimelala fofofo juu ya magunia yake ya kahawa, na ingawa nilimweleza kwamba nilikuwa nayalinda, hakuridhika. Ya pili ilikuwa duka la vitambaa, ambako nilikuwa na tabia ya kuwaambia wanunuzi rangi gani haiwapendezi. Mama yangu, mjane aliyenilea kwa sindano ya kushonea kofia, alikuwa amefika mahali pa kunitazama tu, akitikisa kichwa, kisha akarudi kwenye kofia yake. Kwa hiyo manispaa waliponichukua kwa majaribio ya miezi sita, alichinja kuku. Aliniambia kuku huyo ni wa kuanzia, wa pili atamchinja siku nitakapopata barua ya kuthibitishwa, na kwamba kazi hiyo nayo ikinishinda, nisitarajie kuchinjiwa hata kunguru.

Uhuru ulikuwa bado mchanga wakati huo, na ofisini wakubwa wengi walikuwa wapya kama mimi. Mkubwa wangu alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mrefu, mwenye soksi nyeupe zilizomfika magotini na saa ya mkononi aliyoitazama kila alipozungumza na mtu. Alikaa Tononoka na mkewe, akija kazini kwa baisikeli aliyoipangusa mwenyewe kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Nilimwogopa kwanza, kisha nikampenda, na woga haukuondoka kwa sababu hiyo. Aliniajiri kwa jambo moja tu na hakunificha: wakaguzi aliokuwa nao kabla yangu, watu wa bara kama yeye, walikuwa wakisimama milangoni mwa Mji wa Kale mpaka jua likawachoma, na hakuna aliyewafungulia. Alitaka mtoto wa mji, ambaye mama za watu wanajua alizaliwa nyumba gani na nani alimkata kitovu.

Nikapewa kofia ya kaki, tochi, chupa ndogo za kutilia ushahidi, daftari, na kata ya bati nyeupe yenye mpini mrefu. Weupe wake ulikuwa wa makusudi. Unachota maji mtungini, unasimama penye mwanga, na viluwiluwi, ambao ndio watoto wa mbu kabla hawajaota mbawa, unawaona wazi wakijinyonganyonga. Nyumba ikikutwa nao, maji yanamwagwa papo hapo, jina la mwenye nyumba linaingia daftarini, na kadi nyekundu inabandikwa mlangoni kwa siku saba. Adhabu nyingine haikuhitajika. Vichochoro vya Kibokoni, mtaa wetu, ni vyembamba hivi kwamba anayepita analipitisha bega lake kwenye mlango wako, na kadi ataisoma hata akijitia hana haja nayo. Siku saba za namna hiyo ni nyingi.

Sasa nieleze habari ya hodi, kwa maana kisa chote kimo humo. Kwetu mwanamume haingii nyumba ya watu hivi hivi, awe na sare ya serikali au ya malaika. Unasimama kwenye kibaraza, unapiga hodi, unangoja. Sauti ya mwanamke inauliza kutoka ndani, nani? Unajibu. Unaulizwa unataka nini, ingawa anajua. Unajibu tena. Unaulizwa hali, ya mama yako, ya shangazi yako aliye Lamu. Baadaye unaambiwa ngoja kidogo, kwa kuwa ndani kuna watu hawajajisitiri, na huo ukidogo ni wao wenyewe waujuao urefu wake. Mlango ukifunguliwa, mabinti wamekwisha kupanda juu, na mwenye nyumba yuko uani, amejitanda leso, anakupa sabalkheri kwa upole usiokuwa na kifani.

Nilikuwa nachota maji mitungini mwao, nayatazama. Yalikuwa maji safi, ya kunywa. Nilimulika chini ya kabati la chakula, ambalo miguu yake husimamishwa ndani ya makopo ya maji ili chungu wasipande, na makopo yalikuwa na maji mapya. Mapipa yalikuwa matupu, sakafu ya ua imerowa. Niliandika "hakuna", nikashukuru, nikapewa kahawa, nikaenda mlango wa pili. Hata msikitini, ambako birika la kutawadhia lilikuwa kubwa na lenye kivuli, nilikuta visamaki vidogo vilivyotiwa humo tangu enzi za mababu, na kazi yao ilikuwa hiyo hiyo ya kwangu, ila wao walikula walichokipata. Daftari langu lilikuwa jeupe kama kata yangu. Niliamini kwa moyo wote kwamba nimepangiwa mtaa wa watu safi kupita wote Mombasa, na nilijivuna kwa ajili hiyo.

Yapata mwezi wa tatu ndipo niliposikia vinu. Namaanisha nilivisikia siku zote, lakini siku hiyo nilivisikiliza. Kila nilipoingia kichochoro, katika nyumba ya kwanza mtu alianza kutwanga. Mpigo wenyewe ulikuwa mmoja: miwili ya haraka, kimya, miwili ya haraka. Mara nyumba ya pili nayo yatwanga, na ya tatu, mpaka mwisho wa kichochoro, saa tatu za asubuhi, wakati ambapo hakuna mtu mwenye akili anayetwanga mchele. Na mlio ulikuwa mkavu. Mtoto yeyote wa mji anajua kinu kitupu kinavyolia. Nilisimama pale na kata yangu begani, nikaelewa kwa nini sakafu zote zilikuwa zimerowa.

Aliyeanzisha alikuwa jirani yetu wa ukutani, mama mmoja mnene mcheshi ambaye nyumba yake ilikuwa ndiyo ya kwanza kwenye mzunguko wangu. Alinibeba mgongoni nikiwa mchanga, akanifundisha kutembea, na sasa alikuwa akinitwangia kinu kama tahadhari ya vita. Wanawake wakisikia, wanachuja maji ya mtungi kwa kitambaa, wanamwaga mapipa, wanabadilisha makopo, na hodi yangu na maulizo yote ya shangazi wa Lamu yalikuwa ni kuwapa muda wa kumaliza. Nilichukia kidogo. Baadaye nikacheka. Nikaamua kunyamaza, maana kumshitaki aliyekubeba mgongoni ni jambo gumu, na pia kwa sababu kahawa yake ilikuwa tamu.

Lakini ofisini daftari jeupe halikuwafurahisha watu. Mwenzangu aliyekagua Shimanzi alileta viluwiluwi kwa chupa kila siku, kutoka kwenye mapipa na magurudumu mabovu ya malori, akazipanga dirishani kama achari. Wa Mwembe Tayari naye alikuwa na zake. Mimi nilikuja mikono mitupu. Mkubwa alivumilia miezi minne. Mwezi wa tano aliniita, akatazama saa, akasema watu wa Mji wa Kale wanaendelea kuleta malalamiko ya mbu, na kwenye daftari langu hakuna mbu. Basi ama mbu hao wanapanda basi kutoka bara, ama mimi sina macho, ama nakaa kwenye vibaraza nikinywa kahawa. Barua ya kuthibitishwa ataiandika au hataiandika baada ya kuja kujionea mwenyewe, Jumatatu.

Nilirudi nyumbani. Mbu walikuwapo, hilo lilikuwa kweli. Mama mwenyewe alilalamika kila magharibi, akijipiga makofi mikononi na kusema ni ajabu ya Mungu, mwana ni mtu wa mbu na mama analiwa. Nami nilikuwa namjibu kwamba mbu hao wanatoka Shimanzi, wanavutwa na damu yake tamu. Alikuwa ameketi uani, mgongo ameuegemeza kwenye mtungi wake mkubwa wa maji ya mvua, anashona. Nilimweleza kwamba Jumatatu ndiyo siku yangu. Aliniuliza nina wasiwasi gani, ikiwa kazi nimeifanya. Kujibu kweli kungemtaja jirani na kinu chake, kwa hiyo nikasema sina wasiwasi wowote, nikaenda kupiga pasi sare.

Mtungi ule ni lazima niutaje. Mama aliurithi kwa mamake, na kabla yake ulikuwa wa bibi yake, na ulikaa pembeni mwa ua chini ya mfereji wa paa. Mama aliamini kwamba maji ya bomba yanaua chai. Maji ya mvua yalikuwa ya chai na ya kuoshea nywele, na hayakumwagwa kamwe. Yakipungua, Mungu huyaongeza. Nilikua nikinywa chai hiyo. Katika miezi ile mitano nilichota maji ya kila mtungi wa Kibokoni, ila huo. Haikuwa kwa hila. Nyumba yetu niliiandika "hakuna" kila wiki, mkono ukienda wenyewe, nikiwa nimesimama mlangoni nakula andazi.

Jumatatu Mkubwa alikuja, soksi nyeupe, saa mkononi. Kinu cha jirani kilianza kabla hatujafika kwenye kibaraza chake. Mkubwa aliniuliza hawa watu wanatwanga nini asubuhi yote hii, nikasema wanapenda pilau. Nilipiga hodi. Alitazama saa. Tukaulizwa sisi nani, hali ya nyumbani, hali ya mgeni, hali ya mke wa mgeni, na huko bara mvua zimekunya? Mkubwa alijibu yote, mwanzoni kwa ukali, na kufika mlango wa nne hivi nikamsikia anauliza yeye mwenyewe habari za wajukuu. Ndani tulikuta usafi wa kutisha. Alichota kwa kata yake mwenyewe, akamulika kwa tochi yake mwenyewe, akapiga magoti na zile soksi kutazama makopo ya kabati. Hakuna. Nyumba kumi na moja, hakuna. Msikitini alitazama visamaki kwa muda mrefu, akatabasamu mara ya kwanza tangu nimjue.

Kufika adhuhuri jua lilikuwa kali, shati lake limemganda mgongoni, na roho yangu imerudi mahali pake. Nilijiona nina barua mfukoni. Na kwa kuwa nilijiona hivyo, nilifanya lile ambalo mtoto yeyote aliyelelewa vizuri angelifanya: nilimkaribisha kwetu kwa chai. Hakuwa mgeni wa kuachwa na kiu mwendo wa hatua thelathini kutoka nyumbani kwangu. Nilimketisha dakani, pale mlangoni ambapo mgeni mwanamume hukaa bila kuingia ndani, nikausukuma mlango kwa goti kama kawaida yangu, nikamwambia mama tuna mgeni. Mama akajitanda leso, akaleta chai na mahamri, akamwamkia Mkubwa kutoka nyuma ya pazia.

Mkubwa alikunywa vikombe viwili. Akasema hajapata kuonja chai ya namna hii pwani yote. Mama, masikini, akafurahi, akamwambia siri ni maji. Ya mvua, akasema, mtungi hauoshwi tangu zamani, hupata ladha yake. Mimi nilikuwa nimeinua hamri kuelekea kinywani. Likabaki pale. Mkubwa aliweka kikombe chini taratibu sana, akaniuliza nyumba hii iliandikwa nini wiki iliyopita, nikasema "hakuna", akauliza kama mama ataturuhusu kuuona huo mtungi, na mama akasema karibuni.

Ua wetu ulipata jua la kichwa saa hiyo, hata haikuhitajika tochi. Alizamisha kata, akaitoa, akanipa niishike mimi. Walikuwamo. Sikuhitaji kuwasogeza karibu. Walikuwa wakijinyonganyonga juu ya ule weupe, wanene, wenye afya, wamelelewa kwa mapenzi, na baadhi yao wamekwisha kufika hatua ile ya mwisho ambapo kesho au kesho kutwa wanaruka. Mbu wote walioula mtaa wetu miezi mitano walizaliwa nyumbani kwa Bwana Mbu. Jirani hakumtwangia mama yangu kinu, kwa kuwa nani atamtahadharisha mama wa mkaguzi juu ya mkaguzi? Mtaa mzima uliijua siri ile, na yeye peke yake hakuambiwa. Na mimi nami sikumpigia hodi hata siku moja.

Mkubwa alitoa daftari kwenye mkoba wangu, akalifungua ukurasa wa siku hiyo, akanipa pamoja na penseli. Nikalishika. Nilijua ninachoombwa: nisipoandika, barua hakuna, na kazi ya tatu hiyo nimefukuzwa. Nikiandika, kadi nyekundu itakuwa mlangoni kwa mwanamke ambaye maisha yake yote hakuna aliyepata kumnyooshea kidole, na mbandikaji ni mwanawe. Jua lilinipiga kisogoni. Nilimsikia mama nyuma yangu akikunja kofia aliyokuwa akiishona, akichomeka sindano mahali pake.

"Andika, baba," akasema. "Wenzangu wote wapigiwa hodi. Mimi wanipitia kama ukumbi wa sokoni."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa heri angesema kwa hasira. Nikaandika jina lake, na mwandiko wangu wa siku hiyo ulikuwa mbaya hata Mkubwa alinifanya nirudie. Tukauinamisha mtungi sisi watatu, Mkubwa kwa upande mmoja na mimi kwa upande wa pili, mama akituelekeza tusiuvunje, na maji ya miaka yasiyojulikana idadi yakaenda zake kwenye mfereji wa ua. Kadi niliibandika mwenyewe. Iliganda vizuri kuliko kadi zote nilizobandika maishani, maana ilikuwa ndiyo ya kwanza na gundi ilikuwa bado mbichi kwenye kopo.

Alasiri hiyo wanawake wa mtaa walikuja kwetu kana kwamba kuna matanga. Waliingia mmoja mmoja, sauti chini, na visahani vimefunikwa. Mmoja alileta halwa, mwengine visheti. Walikaa mkekani uani wakatazama mtungi uliolala ubavu na kuguna. Jirani alikuja mwisho. Alikaa, akainuka, akakaa tena, na hatimaye akashindwa, akalia, akasema yote ya kinu. Nilikuwa sebuleni, nikajifanya nasoma gazeti. Mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu, kwa miezi mitano hiyo wote walikuwa wakitwanga kinu kitupu, na yeye alikuwa akijiambia majirani zake wamepata neema gani wanakula wali kila siku wasimpe hata sahani? Kisha nikamsikia anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso, na wote wakaangua kicheko naye, na visheti vikaliwa.

Kesho yake nilikwenda ofisini kupokea talaka yangu. Niliona ni bora nimalize na nisibakishe, nikamweleza Mkubwa habari ya vinu, tangu mpigo wa kwanza hadi wa mwisho, ila jirani nilimwita "mtu fulani". Alinisikiliza bila kutazama saa. Nilipofika kwenye pilau alijifunika uso kwa mkono, mabega yakawa yanatikisika. Alipomaliza kucheka aliinuka, akaenda dirishani, kwenye zile chupa za Shimanzi.

"Huyu mwenzako analeta viluwiluwi kila siku," akasema, "na Shimanzi bado wamejaa. Wewe huleti hata mmoja, na mtaa mzima unamwaga maji kila wiki kwa kusikia unakuja. Sasa kijana, manispaa inataka viluwiluwi, au inataka visiwepo?"

Nikasema nadhani inataka visiwepo. Akaniambia basi nizidi kupiga hodi, nipige kwa sauti, nisiwe na haraka, na huyo "mtu fulani" akiugua mkono nimletee habari. Ila nyumba moja aliitaka akaguliwe kama nyingine, kwa utaratibu wote. Barua ya kuthibitishwa ilitoka mwisho wa mwezi. Mama alimchinja kuku wa pili kama alivyoahidi, mlango wetu ukiwa bado na alama ya gundi, na Mkubwa na mkewe walialikwa. Chai ilikuwa ya maji ya bomba. Mkubwa aliinywa kikombe kimoja tu, na nilimwona anaikumbuka ile nyingine.

Utaratibu wote ulikuwa umeanza wiki iliyofuata ile ya kadi. Nilifika kwetu nikasukuma mlango kwa goti, goti likaumia. Umetiwa komeo. Nikapiga hodi.

"Nani?" akauliza mama kutoka ndani.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mtu wa mbu."

Akaniuliza nataka nini. Akaniuliza hali yangu. Akaniuliza, na hapa nilisikia majirani wanacheka madirishani, kama mama yangu hajambo. Nikasema hajambo, ila ana ukaidi kidogo. "Haya, ngoja," akasema, nami nikangoja kwenye kibaraza chetu wenyewe, kofia ya kaki mkononi, nikisikia maji yanamwagwa uani. Aliponifungulia alikuwa amejitanda leso mpya. Sijapata kumwona amesimama wima namna ile. Tangu siku hiyo, iwe ni kazi au ni kurudi tu kula, sikuingia nyumba ya mama yangu bila hodi, na yeye hakunifungulia bila kuniambia ngoja, hata nilipokuwa mtu mzima mwenye mvi na manispaa nimekwisha kuwaaga.

Kinu cha jirani hakikunyamaza. Kilitwangwa mpaka mimi nikahamishwa kwenye kazi ya ofisini, na mama naye siku hizo akawa anatwanga, tena kwa nguvu kuliko wote, akisema yeye ana miezi mitano ya kulipa.

Alipougua nilikuwa nimehamia Tononoka na watu wangu, na walipompeleka hospitali nililetewa habari nikaenda huko huko. Hakurudi. Baada ya kuzika, watu walipokwisha kutawanyika, nilikwenda nyumbani kwake na ufunguo mfukoni. Nilisimama kwenye kibaraza. Nikapiga hodi, mdomo ukienda wenyewe, na nikangoja. Nilingoja kitambo kirefu, kiasi cha mtu kumwaga mtungi, nikaona haya, nikalia, ndipo nikafungua.

Uani mtungi ulikuwa umefudikizwa juu ya matofali mawili, umekauka, na kata imewekwa juu yake. Jirani, ambaye sasa alikuwa mkongwe anayetembea kwa kushika ukuta, aliingia nyuma yangu. Nilimuuliza nani aliyeumwaga. Akaniambia ni yeye na binti yake, asubuhi ile ile ya kwenda hospitali, kwani gari lilikuwa limekwisha kufika na mama akakataa kutoka kitandani mpaka umwagwe.

"Alinambia, 'Mwanangu atakuja apige hodi,'" akasema jirani, "'na mimi sitakuwapo kumwambia angoje.'"